Ugonjwa wa Sukari na Pumzi ya Mfanyakazi



Kutoka Tororo mpaka Hima, katika matawi ya saruji, ya nguo, ya kuchambua pamba na ya machimbo ya mawe, kuna jambo moja linalofika mara kwa mara kwenye ofisi za chama. Mfanyakazi aliyezoea kubeba mizigo au kupanda ngazi za mtambo anaanza kuhema. Anasimama njiani kupumzika. Msimamizi anaandika kwenye faili kwamba mtu huyu amekuwa mvivu. Akipelekwa zahanati anapimwa damu, inaonekana ana ugonjwa wa sukari. Kuanzia siku hiyo kila atakalosema juu ya vumbi linajibiwa hivi: "Shida yako wewe ni sukari."

Kwa sababu hiyo tumeona ni vema kueleza katika ukurasa huu wa Kiswahili jinsi ugonjwa wa sukari unavyogusa misuli ya kupumulia na mapafu. Wenzetu wengi wanajua kwamba sukari huharibu macho, figo na miguu. Ni wachache wanaojua kwamba hufika kifuani pia. Na katika hao wachache wamo wanaoitumia habari hiyo kumnyima mfanyakazi haki yake. Tunataka kila mwanachama ajue mambo yote mawili: sukari inaweza kuifanya nini pumzi, na haiwezi kuifanya nini.

JINSI TUNAVYOPUMUA

Mapafu hayana nguvu ya kuvuta hewa yenyewe. Kazi hiyo inafanywa na misuli. Msuli mkubwa katika kazi hiyo ni kiwambo. Ni msuli mpana na mwembamba, uliotandazwa chini ya mapafu kati ya kifua na tumbo, kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Kiwambo kikikaza kinashuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia. Kikilegea kinapanda, na hewa inatoka. Misuli midogo iliyo kati ya mbavu inakisaidia. Kazi ikiwa nzito, misuli ya shingo na ya tumbo nayo inaitwa kusaidia.

Kiwambo kinapata amri kwa njia ya mishipa miwili ya fahamu, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Mishipa hiyo inatoka shingoni na kushuka kifuani mpaka kwenye kiwambo.

Mtu mzima aliyekaa kitako huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukizidisha kwa saa 24 utapata kati ya mara 17,000 na 29,000 kwa siku. Kiwambo hakina Jumapili wala sikukuu. Mtu huyo aliyekaa anavuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Lakini akipandisha mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye lori, huenda akahitaji lita 40 au 60, na hata zaidi.

Kwa hiyo misuli ya kupumulia ina akiba kubwa. Mtu anaweza kupoteza sehemu ya akiba hiyo bila kujua, mpaka siku atakapobeba mzigo. Karani aliye mezani huenda asitambue kitu kwa miaka mingi. Mpakiaji wa mifuko atatambua mapema. Huo si uvivu. Ni kwamba kazi yake inadai pumzi ambayo ya karani haidai.

SUKARI INAFIKAJE KIFUANI?

Chakula tunachokula, iwe posho, matoke au mkate, sehemu yake kubwa hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari mlango iingie katika misuli na kutumika kama kuni za mwili. Insulini isipokuwapo, au mwili usipoisikia vizuri, sukari inabaki katika damu. Huo ndio ugonjwa wa sukari. Mwaka 2021 ilikadiriwa kwamba watu wazima milioni 537 duniani walikuwa nao, na wengi hawakuwa wamepimwa.

Sukari iliyozidi ikikaa katika damu kwa miaka, huathiri pumzi kwa njia hizi:

Kwanza, misuli yenyewe. Kiwambo ni msuli kama misuli ya mikono na mapaja. Usipopata kuni zake sawasawa unapungua nguvu na unachoka upesi. Madaktari wamewapima wagonjwa wa sukari kwa kuwaambia wavute hewa kwa nguvu zao zote kupitia kifaa cha kupimia. Wengi katika wagonjwa hao walionekana kuwa na nguvu ndogo ya kuvuta kuliko watu wa rika lao wasio na sukari.

Pili, mishipa ya fahamu. Sisi sote tunamjua mgonjwa wa sukari aliyekanyaga msumari asisikie. Mishipa ya fahamu ya miguu yake imeharibika. Mishipa inayopeleka amri kwenye kiwambo inaweza kuharibika vilevile, ingawa haitokei mara nyingi kama miguuni. Amri ikifika kwa uchovu, msuli unajibu kwa uchovu.

Tatu, ugumu wa kifua. Sukari nyingi hushikamana na nyuzi zinazoyapa mapafu na kifua uwezo wa kutanuka. Nyuzi hizo zinakuwa ngumu, kama mpira wa baiskeli uliokaa juani miaka mingi: upo, lakini hauvutiki kama zamani. Basi misuli ambayo tayari imepungua nguvu inalazimika kutanua kifua kilichokuwa kigumu.

Nne, mishipa midogo ya damu. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, na kila kimoja kimezungukwa na mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Hapo ndipo oksijeni inapovuka kuingia katika damu. Sukari hunenepesha kuta za mishipa hiyo, na oksijeni inavuka kwa shida zaidi.

Tano, uzito. Wagonjwa wengi wa sukari ya ukubwani wana tumbo kubwa. Tumbo hilo hukisukuma kiwambo juu na kukibania nafasi ya kushuka, hasa mtu akiinama au akilala chali.

UPUNGUFU HUO NI MKUBWA KIASI GANI?

Hapa tunaomba kila katibu wa tawi asome kwa makini, maana ndipo penye ugomvi wetu na waajiri.

Mwaka 2010 ilitolewa taarifa ya wataalamu waliojumlisha tafiti 40 za mapafu ya watu wenye sukari, na kuyalinganisha na ya watu wasio nayo. Walikuta vipimo vya wenye sukari vikiwa chini kwa kiasi cha 5 hadi 7 kwa mia. Upungufu huo haukutokana na sigara tu wala na unene tu. Kwa hiyo ni kweli sukari hugusa mapafu. Lakini kwa kawaida huyagusa kidogo.

Basi mfanyakazi wa machimbo akionekana amepoteza theluthi moja ya pumzi yake, mtu asimwambie kwamba hiyo ni sukari peke yake. Sukari peke yake kwa kawaida haifiki huko. Lazima kitafutwe kitu kingine: vumbi la mawe, vumbi la pamba, moshi, kifua kikuu, pumu, au moyo uliochoka.

Kwa upande wa pili tusidanganyane sisi kwa sisi. Mfanyakazi mwenye sukari ambaye hajitunzi asiseme kila kitu ni vumbi. Mapafu yaliyopunguzwa na sukari yana akiba ndogo ya kupambana na vumbi. Mambo hayo mawili yanaongezana, hayafutani. Ugonjwa wa mapafu uliotokana na vumbi hauachi kuwa ugonjwa wa kazi kwa sababu mgonjwa ana sukari pia.

JINSI YA KUTENGANISHA

Kuna njia za kutenganisha, na si za ajabu. Ya kwanza ni kipimo cha kupuliza, kinachoitwa spirometa. Mtu anavuta hewa mpaka mwisho, kisha anapuliza kwa nguvu mpaka iishe. Mashine inaandika mambo mawili: hewa yote iliyotoka, na hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri hutoa kiasi cha 70 mpaka 80 kwa mia ya hewa yake katika sekunde hiyo ya kwanza.

Sukari kwa kawaida hupunguza yote mawili kwa pamoja, kwa sababu kifua ni kigumu na misuli ni dhaifu, lakini njia za hewa ziko wazi. Moshi wa sigara na vumbi la pamba huziba njia za hewa, kwa hiyo sekunde ya kwanza ndiyo inayoanguka zaidi.

Ya pili ni eksirei. Vumbi la mawe yenye silika huacha madoa na makovu katika mapafu, nayo yanaonekana kwenye picha. Sukari haiachi madoa ya namna hiyo.

Ya tatu ni kumsikiliza mfanyakazi mwenyewe. Mtu wa pamba aliyeguswa na vumbi mara nyingi hubanwa kifua siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha hupata nafuu kadiri wiki inavyokwenda. Sukari haijui Jumatatu. Mtu akisema "Jumatatu ndiyo mbaya", daktari aandike maneno hayo.

Ya nne ni kulinganisha miaka. Kipimo kimoja husema machache. Kama mtu alipimwa siku aliyoajiriwa, na akapimwa tena kila mwaka, karatasi zake zitaonyesha pumzi ilianza kupungua lini na alikuwa akifanya kazi katika sehemu gani. Ndiyo maana chama kinataka kipimo cha kwanza kifanywe mwanzo wa kazi. Bila karatasi hiyo kila mtu atasema analotaka.

HATARI ZA KUJUA MAPEMA

Kifua kikuu. Mtu mwenye sukari yuko katika hatari ya kuugua kifua kikuu kwa kiasi cha mara 3 kuliko asiye nayo. Vumbi la silika nalo huongeza hatari hiyo. Mtu mwenye vyote viwili asingoje. Akikohoa wiki 2 au zaidi, akitokwa na jasho usiku au akikonda, apime makohozi. Na aliyeonekana na kifua kikuu apimwe sukari. Dawa za kawaida za kifua kikuu humezwa kwa miezi 6, nazo huponya.

Moyo. Sukari huharibu mishipa ya moyo, na pia huharibu mishipa ya fahamu inayoleta habari ya maumivu. Kwa hiyo mgonjwa wa sukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali ya kifua. Dalili yake huenda ikawa pumzi kukatika ghafla, jasho na udhaifu. Mtu wa namna hiyo asiambiwe akapumzike kivulini. Apelekwe hospitali mara moja.

Kuhema kwa nguvu bila kazi. Insulini ikikosekana kabisa, mwili huanza kuchoma mafuta na kutengeneza asidi katika damu. Mgonjwa anapumua kwa nguvu, kwa kina na kwa haraka hata akiwa amelala, kwa sababu mwili unajaribu kuitoa asidi hiyo kwa njia ya pumzi. Daktari Adolf Kussmaul wa Ujerumani alieleza kupumua kwa namna hii mwaka 1874. Mgonjwa ana kiu kali, anatapika, tumbo linauma, na pumzi yake inaweza kunuka kama tunda lililoiva sana. Watu hudhani ni pumu au malaria. Hii ni hatari ya kufa, na hakuna dawa yake zahanati isiyokuwa na insulini. Tafuteni gari.

Sukari kushuka. Anayetumia insulini au vidonge fulani, akikosa chakula kwa sababu zamu imerefushwa, anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa. Watu wakidhani amelewa wanapoteza wakati. Kama anaweza kumeza, mpeni maji yenye vijiko vidogo 3 vya sukari, kisha chakula. Kama amezimia, msimtie kitu chochote mdomoni. Mpelekeni hospitali.

HABARI YA BARAKOA

Waajiri wengine wakiulizwa juu ya vumbi hujibu: "Tumewapa barakoa." Ndugu, barakoa ya vumbi ina faida, na anayepewa asiivue. Lakini kupumua kupitia barakoa ni kazi ya nyongeza kwa kiwambo, na barakoa iliyojaa vumbi inaongeza kazi hiyo. Mtu ambaye misuli yake imepungua nguvu ndiye wa kwanza kuishusha kidevuni, kisha anaadhibiwa kwa kuishusha.

Dawa ya vumbi ni kulizuia pale linapotoka: kumwagia mawe maji kabla ya kutoboa, kufunika mikanda ya kubebea, kuweka mashine za kufyonza vumbi, kutofagia makavu. Barakoa ni ya mwisho baada ya hayo yote, nayo ibadilishwe kila inapochakaa. Tukidai hivyo tunamsaidia mwenye sukari, mwenye pumu, na kijana ambaye bado ana mapafu mazima.

MFANYAKAZI AFANYE NINI?

Apime sukari. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 au zaidi kwa hesabu ya milimoli, au kipimo cha saa yoyote kikifika 11.1, ni lazima aonane na daktari. Dalili kama kiu, mkojo mwingi na kukonda zisingojwe ziwe nyingi. Mficha maradhi kilio humfichua.

Ameze dawa kila siku, si siku anazoumwa tu. Asivute sigara. Apunguze soda na chai yenye vijiko vitano vya sukari. Kama daktari hajamkataza, atembee kila siku, maana misuli ya kupumulia hupata nguvu kwa mazoezi kama misuli mingine. Yako pia mazoezi maalumu ya kuvuta hewa dhidi ya kizuizi, na yameonekana kuongeza nguvu ya misuli hiyo kwa wagonjwa wa sukari. Mwulize daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Na akianza kuhema kuliko zamani, aseme. Amwambie daktari kazi anayofanya, vumbi analovuta na miaka aliyokaa nalo. Daktari asiyeambiwa hawezi kuandika.

CHAMA KIFANYE NINI?

Sheria za Uganda zinatupa mahali pa kusimama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa aliyetimiza angalau mwezi mmoja kazini haki ya mshahara wake wote katika mwezi wa kwanza wa kuugua, ili mradi atoe taarifa, na alete cheti cha daktari kama mwajiri anakitaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri alinde afya za watu wake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 haihusu ajali tu, inahusu na magonjwa yatokanayo na kazi. Kila mwakilishi awe na sheria hizo ofisini.

Lakini sheria haisemi kila kitu. Kwa hiyo tunaomba kila tawi liyaweke haya katika mapatano yake na mwajiri:

1. Kila mfanyakazi wa sehemu zenye vumbi apimwe pumzi anapoanza kazi na kila mwaka, apewe nakala ya karatasi yake mkononi.

2. Kipimo cha sukari kitolewe pamoja na kipimo hicho, bila malipo, na majibu yawe siri ya mfanyakazi na daktari. Kisiwe mtego wa kumwachisha mtu kazi.

3. Mfanyakazi mwenye sukari apewe nafasi ya kula na kumeza dawa kwa saa zake, hata katika zamu ya usiku.

4. Aliyepungua pumzi ahamishiwe kazi nyepesi isiyo na vumbi kwa mshahara uleule, kwanza, kabla ya neno lolote la kumwachisha.

5. Asikataliwe mtu fidia ya ugonjwa wa vumbi kwa jibu la "una sukari" pasipo spirometa, eksirei na maandishi ya daktari.

Madai haya yote ni ya vitu vinavyowezekana. Spirometa moja inaweza kuwatumikia wafanyakazi wote wa kiwanda. Tukinyamaza, mwenzetu mmoja ataondoka akiitwa mvivu, kesho atafuata wa pili, na mavumbi yatabaki palepale.

Makatibu wa matawi, someni makala hii mbele ya wanachama katika mkutano ujao, na mwulize ni wangapi waliokwisha kupimwa pumzi tangu waajiriwe. Andikeni hesabu hiyo mtuletee makao makuu. Tutaanzia hapo.

Umoja ni nguvu.